Mume Anataka Boti ya Kabini, Mimi Naogopa

*Shangazi, tumeweka akiba tununue boti ndogo ya kwenda ziwani na watoto wetu, wa miaka 4 na 7, pamoja na mama mkwe. Mume wangu, ambaye ndiye atakayeendesha, kaipenda moja iliyotumika: meta 6 na nusu, ina kabini na injini ya petroli ya ndani. Mimi nataka ya wazi, mpya, meta 5, injini ya nje ya nguvu za farasi 50. Nimemwambia yake itatumaliza kwa mafuta. Ukweli ni kwamba naogopa maji, na hilo sijamwambia. Sasa tunanuniana. Nifanyeje?*
*– Mwenye Hofu*

Mwanangu, umesema mumeo ndiye atakayeendesha. Haya, siku akiteleza akaanguka majini, nani atageuza boti kumfuata? Mama mkwe?

Mimi nasema nunueni ile ya wazi, ila si kwa sababu ya mafuta. Inunueni kwa sababu wewe mwenyewe, ukifundishwa vizuri, utaweza kuirudisha nchi kavu bila yeye. Ukikaa kwenye usukani unawaona watoto wote. Magugu yakinasa kwenye propela, unazima injini, unaiinua, unayatoa.

Injini ya ndani ina masharti yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo mafuta yakivuja hutuama chini ya sakafu, na cheche moja inatosha kuulipua. Ndiyo maana boti hizo hufungwa feni ya kuutoa, nayo huachwa izunguke dakika 4 hivi kabla ya kuwasha injini, kisha unafungua kifuniko na kunusa. Aliyezoea hafikirii hata. Lakini watoto wakishaanza kulia “twendeni!”, dakika hizo ndizo za kwanza kurukwa.

Kabini nayo isiwadanganye. Mawimbi yakianza, mtoto aliyefungiwa humo anaona kuta zimetulia huku mwili wake ukihisi kuyumba, na kichefuchefu hakikawii. Nje, akitazama mbali, ana nafuu. Faida ya kweli ya kabini ni choo, hasa kwa mama mkwe, na sisi wenye umri huo tunajua uzito wa jambo hilo. Fanyeni safari fupi, za saa mbili tatu.

Usimdharau mumeo, hata hivyo. Boti ndefu yenye tumbo lenye ncha kali hulikata wimbi, na fupi yenye tumbo bapa hulipiga kwa kishindo mpaka mgongo uulize. Mkichukua ndogo, ondokeni asubuhi na mrudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba lisiloguswa.

Sasa hilo la kununiana. Hoja ya mafuta ulimpa ili ufiche hofu, naye akaijibu kwa hesabu, kama mtu yeyote angefanya. Mwambie wazi: “Naogopa maji, na nataka kujifunza kuendesha.” Hiyo ya pili usiiache, maana ukisema unaogopa tu, atakuahidi kwenda polepole, na hapo hamjafika popote.

Akiendelea kuing’ang’ania ile ya kabini, msilipe hata senti kabla fundi asiye wa muuzaji hajaipanda na kufungua kila kifuniko.

Hata hiyo mpya, ombeni kuijaribu majini mkiwa wote watano, matangi yamejaa. Injini inayokimbia ikiwa na muuzaji peke yake inaweza kushindwa kuiinua boti iteleze juu ya maji mkijazana. Soma kibao kinachoonyesha idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa. Jaketi za kuokolea za watoto zinunuliwe kwa uzito wa kila mtoto, ziwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu ili zisiwavuke kichwani. Na anayeendesha ajifunge ile kamba ya kuzimia injini, kila safari, hata kama ni ya kusogeza boti tu.

Siku hiyo ya majaribio wewe shika usukani angalau nusu ya muda. Mkishuka, muulizeni mama mkwe ameonaje, kabla mumeo hajaanza kusimulia mwendo.

Shangazi