Faranga isilale kwako hata usiku mmoja

Mkuu, usinunue hizo faranga! Wewe unayepeleka dagaa Bujumbura kwa boti za Kibirizi, Kigoma, umeuliza kama ujaze faranga za Burundi usubiri sarafu moja ya Afrika Mashariki. Faranga hizo ndizo zilizonimalizia mtaji.

Anayekwambia "siku ya muungano wa sarafu zitabadilishwa kwa bei ya benki kuu" ndiye huyohuyo anayekuuzia, sivyo? Mtaani faranga ni rahisi kuliko bei rasmi, kwa hiyo eti ununue mtaani, ukae nazo, tofauti iwe faida yako. Mbadilishaji aliyenijaza maneno hayo alitua mzigo wake mgongoni kwangu. Ule ni wizi, siuiti biashara.

Angalia euro, sarafu moja ya nchi za Ulaya. Viwango vilifungwa 31 Desemba 1998: euro 1 kwa faranga 6.55957 za Ufaransa, au mark 1.95583 za Ujerumani. Vililingana na bei za soko. Hakuna aliyepewa zawadi. Nchi yenye bei mbili lazima izibe pengo kabla ya kuingia, na kwa kawaida bei rasmi ndiyo hushushwa ifuate ya mtaani. Tofauti unayoitegemea inakufa kabla muungano haujazaliwa.

Muungano wenyewe lini? Itifaki yake, yaani mkataba wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilisainiwa Kampala 30 Novemba 2013, ikilenga 2024. Sasa inatajwa 2031. Kila nchi inatakiwa mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti asilimia 3 ya pato la taifa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa miezi 4.5. Burundi dola zimeadimika miaka mingi. Wewe unangoja, faranga inashuka.

Noti nazo hufa. Juni 2023 Burundi iliondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ikatoa siku 10 tu kuzipeleka benki. Uko Kigoma na mabunda sandukuni, huna akaunti ng'ambo: utampelekea nani?

Uza kwa shilingi. Mteja akiwa na faranga tu, piga bei kwa kiwango cha asubuhi hiyo, kisha kabla jua halijazama nunua mali ya kurudi nayo au badilisha zote. Na kama umeshamwachia huyo jamaa kishika uchumba, nenda leo akurudishie shilingi zako, hata akikukata kidogo.