Maswali ya Wasomaji: Kamba Iliyolegea na Kamba Iliyofunguliwa

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Nakuru. Hivi majuzi rafiki yangu alinialika katika darasa la jioni lililoitwa darasa la Tantra. Tuliambiwa kwamba mafundisho hayo yametoka Bara Hindi na kwamba shabaha yake ni ukombozi. Lakini kila mara mwalimu alipolieleza neno hilo, maelezo yake yaliishia kitandani: namna ya kupumua, namna ya kujizuia, na hatimaye namna ya kufika kileleni, ambako, kwa maneno yake, ndiko mtu anakokombolewa. Sikuthubutu kuuliza mbele ya watu, kwa hiyo nakuuliza wewe. Ikiwa ukombozi ni huo tu, watu walifunga na kukesha katika ibada kwa karne nyingi wakitafuta nini? Na kama si huo, ni upi?
Msomaji wa kike, Nakuru

JIBU: Dada yangu, swali ulilolirudisha nyumbani bila kuliuliza ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza katika darasa lile, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu linastahili.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, ukombozi huitwa moksha au mukti, na mzizi wa maneno hayo una maana ya kufungua, kuachilia kitu kilichofungwa. Sisi tunaposema kukomboa tunafikiria zaidi kitu kilichowekwa rehani na kulipiwa ili kirudi kwa mwenyewe. Tunaposema kuokoa tunafikiria hatari. Neno la Tantra liko karibu zaidi na kufungua, na madhehebu ya Kitantra yanayomwabudu Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, yamelijengea mfano ambao mfugaji yeyote wa huku kwetu ataupokea mara moja. Yanasema kuna mambo matatu: pati, yaani bwana mwenye mifugo, pashu, yaani mnyama aliyefungwa, ambaye ni nafsi ya kila mmoja wetu, na pasha, yaani kamba.

Mwezi uliopita nilisimama kando ya barabara karibu na Maseno nikamtazama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Alikuwa amekula nyasi hadi udongo ukaonekana, duara kamili, na hatua moja tu nje ya duara hilo majani yalisimama mabichi yakifika magotini. Alikuwa akiivuta kamba kwa shingo, na kadiri alivyovuta ndivyo fundo lilivyozidi kukaza. Baadaye alichoka, akarudi kulala karibu na kigingi, na kamba ikalegea ikajikunja chini kama haipo. Msichana aliyekuja kumchukua alitumia nafasi hiyo ya kamba kulegea: alipiga magoti, akaingiza kidole ndani ya fundo na kulifungua polepole.

Jibu langu kwako limo ndani ya duara lile. Kufika kileleni ni kamba kulegea. Mvuto uliokuwa umeukaza mwili na mawazo unaachia kwa muda, na mtu anahisi amekuwa huru, naye hasemi uongo, kwa maana ndivyo anavyohisi. Lakini fundo bado liko palepale, na kesho hamu itaamka na kuvuta tena. Moksha ni kufunguliwa kwa fundo, na mwalimu wako, kwa kadiri ulivyonieleza, aliyaita mambo haya mawili kwa jina moja.

Fundo hilo limetengenezwa na nini? Walimu wakuu wa Tantra wa Kashmir, kaskazini mwa Bara Hindi, hasa Abhinavagupta aliyeandika mnamo mwaka 1000 au karibu na hapo, wanataja uchafu wa aina tatu unaoifunga nafsi. Wa kwanza, ambao ni mzizi wa mengine, ni ile hali ya kujiona mdogo na mpungufu, kana kwamba daima kuna kitu ninachokikosa. Wa pili ni kuuona ulimwengu wote kuwa mwingine, mimi huku na vitu vyote kule. Wa tatu ni kujifunga na matendo yangu na matunda yake, mema na mabaya. Angalia jinsi mambo haya yasivyo ya mwili hata kidogo. Mtu anaweza kuridhika kimwili kila siku ya maisha yake na bado akaamka alfajiri akijiona mpungufu, na pengine utamu wenyewe ukamzidishia hofu ya kuukosa. Ndiyo maana wao waliuita ukombozi utambuzi: mtu anatambua kwamba ile fahamu iliyo ndani yake, inayojua kwamba inaona na kusikia, haijawahi kutengana na Shiva mwenyewe. Ni kama mtu anayemtazama mgeni kwa muda mrefu, kisha ghafla anasema, kumbe ni wewe!

Hapa lazima nimtendee haki mwalimu wako. Hakukosea kusema kwamba mwili una nafasi katika Tantra. Zipo njia za kiroho zinazoona mwili kuwa mzigo wa kutupwa, na Tantra kwa kiasi kikubwa iliikataa dharau hiyo. Kitabu kiitwacho Vijnanabhairava Tantra kimeandikwa kama safu hii yetu, Mungu wa kike akiuliza na Bhairava, ambaye ni Shiva, akijibu, na ndani yake mna mbinu 112 za kutafakari. Ni chache tu zinazogusa tendo la ndoa. Nyingine zinahusu nafasi iliyo kati ya pumzi inayoingia na inayotoka, ladha ya chakula na kinywaji, mwanzo na mwisho wa kupiga chafya, hata hofu na njaa. Mojawapo inasema kwamba ukimwona ndugu au rafiki baada ya muda mrefu na furaha kubwa ikainuka, uitafakari furaha hiyo yenyewe. Hebu fikiria kituo cha mabasi cha Kisumu: kaka yako aliyeondoka miaka sita iliyopita anashuka, mnatazamana, na kabla hujalitamka jina lake kifua kinajaa. Kwa nukta moja hakuna upungufu wowote, hakuna hata anayehesabu. Kisha akili inaanza: amekonda, mizigo iko wapi, tutapanda tuktuk ya nani. Kitabu kinakutaka ukae katika ile nukta ya kwanza na kuitambua chemchemi yake. Furaha ya mwili inapotajwa, inatajwa kwa sababu hiyohiyo, kwamba hapo kamba imelegea na kidole kinaweza kuingia ndani ya fundo. Asiyeingiza kidole amepumzika tu.

Ni kweli pia kwamba katika baadhi ya madhehebu zilikuwapo ibada za siri zenye pombe, nyama, samaki, nafaka iliyokaangwa na tendo la ndoa. Zilifanywa na watu waliokwisha kuingizwa rasmi katika njia na mwalimu wao, na kwa jamii iliyoishi kwa sheria kali za usafi, kugusa kilichokatazwa kulikuwa njia ya kuvunja woga wa kugawanya ulimwengu kati ya kilicho najisi na kilicho safi. Lakini Kularnava Tantra, kitabu cha watu haohao, kinaonya waziwazi: kama pombe ingempa mtu ukamilifu, walevi wote wangekuwa wakamilifu, na kama kulala na mwanamke peke yake kungeleta ukombozi, viumbe vyote vingekuwa vimekombolewa. Kitabu kinaongeza kwamba njia hiyo ni ngumu kuliko kutembea juu ya makali ya upanga. Sijui onyo gani lingekuwa wazi kuliko hilo.

Upotoshaji huu una historia yake. Wakati wa ukoloni wamishonari na wasomi wengi wa Ulaya waliieleza Tantra kuwa uchafu mtupu. John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, alijaribu kuitetea, na mwaka 1913 akatoa tafsiri ya Mahanirvana Tantra, jina ambalo maana yake ni ukombozi mkuu. Lakini tayari huko Marekani watu kama Pierre Bernard walikuwa wakifundisha Tantra yenye mvuto wa kitandani, na katika miaka ya 1970 wageni kutoka nchi za Magharibi walimiminika katika mji wa Pune, India, kwa mwalimu wa kiroho aliyeitwa Rajneesh. Kilichoitwa uchafu kikaanza kuuzwa kama dawa, na katika hali zote mbili macho yalibaki palepale kwenye tendo, ukombozi ukasahaulika.

Neno moja la tahadhari, dada yangu, nami nalisema kwa uzito. Ikiwa mwalimu yeyote atakuambia kwamba kuvua nguo mbele yake, au kulala naye, ni sharti la kufunguliwa kwako, ondoka na usirudi.

SWALI: Hapa kwetu watu husema Tantra ni uchawi. Kuna ukweli?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Upo kiasi, na si vizuri kuuficha. Vitabu vya Tantra hutaja malengo mawili, bhukti na mukti, yaani kufaidi mambo ya ulimwengu na kufunguliwa, na chini ya lengo la kwanza zimo ibada za kumtiisha mtu, kumfukuza, hata kumdhuru adui. Nisingemshauri yeyote azikaribie. Anayetafuta mukti hana haja nazo.

SWALI: Je, aliyefikia ukombozi huo huacha mke, watoto na kazi?
Mwalimu mstaafu, Kisumu

JIBU: Mzee wangu, si lazima. Wapo waliojitenga na dunia, lakini Tantra iliwafungulia mlango pia watu wenye nyumba na familia. Madhehebu yenyewe hayakukubaliana juu ya wakati. Shaiva Siddhanta, mojawapo ya madhehebu ya Shiva, ilifundisha kwamba ibada ya kuingizwa katika njia hukata kamba, na kwamba ukombozi hukamilika mwili unapokufa. Wale wa Kashmir walisema mtu anaweza kufunguliwa akiwa hai, hali inayoitwa jivanmukti. Kshemaraja, mwanafunzi wa Abhinavagupta, aliandika kitabu kifupi cha kanuni 20 kwa ajili ya watu wasiosomea mantiki ngumu, na humo anaieleza hali hiyo kuwa uthabiti wa fahamu ambao hautikisiki hata pale mwili, pumzi na furaha vinapoendelea kuhisiwa kama kawaida. Mtu huyo bado ataumwa na jino, atalipa karo, atamsikiliza mkewe akieleza habari za sokoni.