Kwa wageni wa stoo ya nota: machache kabla hamjanizeesha

Jumatatu nimefungua kabati nikakuta nota za fidla ya pili zimebanwa pamoja na risiti za dizeli. Sikusema kitu. Nimeamua kuandika.

Ofisi yetu hapa Tabora inahudumia vikundi vinne: kwaya mbili, bendi ya matarumbeta na kikundi cha fidla. Nota, vyombo, usafiri, sare, hesabu, vyote vinatoka chumba kimoja. Okestra kubwa za Ulaya, zenye wapigaji themanini na zaidi, zina mtunza nota ambaye hana kazi nyingine. Kwetu mtunza nota ndiye huyo huyo anayehangaika na dereva wa Coaster. Mkikosea ninyi, wanaumia wanne.

1. Penseli, wadogo zangu. Nota za kukodi zina mwenyewe, na anazitaka safi. Atakayeonekana na kalamu ya wino stoo atafuta yeye.

2. Kabla hujakitoa kinanda, angalia transipozi, ile swichi inayopandisha au kushusha sauti zote, iko sifuri. Wapiga kinanda hawairudishi. Nimeacha kuwalaumu, ni kama mvua.

3. Fidla hukaa wawili kwa stendi moja, na wa ndani, aliye mbali na watazamaji, ndiye anayegeuza ukurasa. Ukidurufu nota ukurasa ukaishia katikati ya nota za mbio, umenyamazisha nusu ya fidla zako. Kata ukurasa penye pumziko, fidla zinaponyamaza.

4. Lebo. Hapa kaeni chini.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa na onyesho la pamoja Kigoma. Nota zote niliziweka kwenye sanduku moja la bati, nikaandika kwa rangi nyekundu: KWAYA – HARAKA. Nilijiona fundi. Pale stesheni mpakiaji akaniuliza, "Mzigo wa wapi huu, bosi?" Nilikuwa kwenye simu, nabishana na mtu kuhusu posho. Nikamjibu, "Unaenda na treni hii."

Ninyi mmekulia hapa, mnajua treni ya kutoka Dar hukatwa Tabora, mabehewa mengine yakaenda Mwanza, mengine Kigoma. Mimi pia nilijua! Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka relini. Nikapanda, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi, Urambo na Kaliua zikapita sina habari. Uvinza nikashuka kulisalimia sanduku langu. Halipo. Nikampigia karani wa mizigo Tabora, akacheka kwanza, ndipo akaniambia: lile la haraka? Limekwenda Mwanza.

Kigoma tulifika tumechelewa, na kondakta, huyu anayeongoza muziki, si wa treni, hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Bahati begi langu lilikuwa na nakala yake, ile yenye sauti zote pamoja. Usiku kucha, mimi na vijana wawili wa besi tukanakili kwa mkono nota za kila chombo, kwa chai ya rangi na migebuka iliyopoa. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeanza kujisifu tena.

5. Hii ni ile ile namba nne, inaendelea. Tarumbeta zetu ni za si bemoli: mpigaji akisoma do, inatoka si bemoli. Kwa hiyo nota yake huandikwa toni nzima juu. Nakala ya kondakta ile ilikuwa imeandikwa kama inavyosikika, nami nikanakili kama nilivyoona. Muda wa mazoezi haukuwepo. Kwaya ikaingia vizuri, fidla vizuri, halafu tarumbeta zikaingia toni moja chini, kwa nguvu zote, maana nilikuwa nimewaandikia wapige kwa nguvu. Mama mmoja mstari wa mbele alifunga macho. Kondakta akasimamisha, akageuka, akanitafuta kwa macho ukumbi mzima. Nilikuwa nyuma ya spika.

Sanduku lilirudi siku ya tatu likinuka dagaa wa Mwanza. Ndilo lile la rafu ya chini mnaloniuliza kwa nini halifungwi. Kwa hiyo: mji kwanza kwenye lebo, kikundi pili, na usimwache mpakiaji mpaka uone behewa kwa macho yako.

6. Kiangazi, fidla zisikae dirishani. Vigingi hulegea, mbao hupasuka.

Na nani amechukua ufunguo wa kabati la fidla? Kikundi kinakuja saa tisa.