Theluji ya Aprili: ngumu alfajiri, uji adhuhuri

SWALI: Kikundi chetu cha watu watano kinakwenda kupanda milima Austria mwezi wa Aprili. Tukipanda Point Lenana, Mlima Kenya, huwa tunaondoka saa tisa usiku. Tukifanya vivyo hivyo kule, tutakuwa salama na maporomoko ya theluji? – J.W., Kasarani, Nairobi

JIBU: Kuondoka usiku ni sawa, ila kitakachowalinda zaidi ni saa ya kushuka. Wakati huo wa mwaka jua la mchana huyeyusha theluji ya juu, maji yakapenya chini na kulainisha tabaka zilizoshikana. Usiku wa anga wazi theluji hupoa na kuganda tena; alfajiri mnakuta ukoko mgumu kama wa sufuria ya ugali. Ukoko huo ndio unaoushikilia mteremko. Mawingu yakitanda usiku kucha, au mvua ikinyesha, haugandi vizuri, hata mkiamka saa nane. Siku hiyo msipande.

Jua huanza na miteremko inayotazama mashariki, kisha kusini, halafu magharibi. (Kwenye Mlima Kenya jua hubadilisha upande kwa msimu, kule Ulaya adhuhuri liko kusini daima.) Kiatu kikiacha alama tu, endeleeni. Kikizama hadi kifundo, geukeni. Mkiona vibonge vya theluji vikibingirika vyenyewe kutoka kwenye miamba, mmeshachelewa: ondokeni kupitia mteremko mpole, usio na mwinuko mkali juu yake. Maporomoko mengi huanzia penye nyuzi 30 hadi 45.

Kila jioni someni taarifa ya hatari ya eneo hilo, yenye daraja 1 hadi 5. Majira hayo mara nyingi hutolewa madaraja mawili, la asubuhi na la alasiri, someni yote. Wala 3 isiwadanganye kwamba ni wastani, kwa maana wengi hufa siku za daraja hilo.

Kila mtu, si kiongozi peke yake, abebe kifaa cha mawimbi cha kilohezi 457 (hutuma ishara na kupokea za wengine, ili aliyefukiwa apatikane), ufito wa kupimia wa sentimita 240 au zaidi, na sepeto la chuma. Matumaini ya aliyefukiwa hupungua haraka baada ya dakika 10, kwa hiyo waokoaji ni ninyi mlio pale. Mmoja apige 112, namba ya dharura. Wengine wageuze vifaa vyao vipokee, maana kimoja kikisahaulika kinatuma, mtamsaka mtu aliyesimama kando yenu. Mkikaribia, kishusheni kifaa hadi usoni pa theluji, mtafute namba ndogo kabisa, yaani umbali mfupi zaidi hadi kwake. Hapo chomeni ufito kwa mzunguko unaopanuka, kila sentimita 25. Ukimgusa, uacheni palepale, mchimbe kutoka upande wa bonde. Mkisimama juu yake mtaibana nafasi ndogo ya hewa aliyo nayo. Theluji iliyoporomoka ikishatulia hukaza kama saruji, na sepeto la plastiki huvunjika. Fungueni kwanza uso na kifua, mumtoe theluji mdomoni.

Kabla ya safari, ficheni kifaa kinachotuma ndani ya begi kwenye uwanja wenye nyasi ndefu hapo Kasarani, simu zote zikiwa zimezimwa kwani huvuruga mawimbi. Rudieni mpaka kila mmoja wenu akipate kwa chini ya dakika 3.