Kwa nini nikivaa miwani narusha ndege za 1917 na kuziacha jeti

Ndugu uliyeuliza kwa nini watu wazima wanavaa miwani ya uhalisia pepe (VR) kucheza gemu za ndege kisha, badala ya kurusha jeti, wanachagua ndege za mbao na vitambaa za Vita vya Kwanza vya Dunia: mimi ni mmoja wao, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda kwa dhati.

Jeti ya kisasa hupigana kwa mitambo. Adui yuko kilomita nyingi mbele, humwoni, unaona alama kwenye skrini, unafyatua kombora na kugeuza. Gemu ya aina hiyo ukiicheza kwenye runinga ya kawaida hupungukiwi na mengi, maana hata rubani halisi muda mwingi anatazama skrini. Mwaka 1917 hakukuwa na rada. Rubani alikaa wazi, upepo usoni, mafuta ya injini yakimrukia, na kilichomwokoa ni macho na shingo. Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza, ilikimbia takriban kilomita 185 kwa saa tu, na watu walipigana wakiwa karibu kiasi cha kuonana vichwa. Mapigano yote yalitoshea ndani ya upeo wa jicho la binadamu. Kwa hiyo miwani inayofuata kichwa chako inakupa hasa kile ambacho rubani yule alikuwa nacho.

Kwenye runinga, ukitaka kutazama nyuma unabonyeza kitufe, picha inaruka, na adui umeshampoteza. Ndani ya miwani unageuza kichwa. Unachungulia ukingoni kuona kilicho chini ya bawa la chini. Ndege hizi za mabawa pacha, moja juu ya jingine, zina tabu yake: bawa la juu linakuziba. Adui akipanda anapotelea nyuma yake, nawe huna budi kulaza ndege ubavu na kumsaka upya huku moyo ukidunda, kwa sababu hujui atatokea wapi. Muda mwingi wa mchezo ni huo, kumpoteza mtu na kumpata tena. Inasemekana marubani wa enzi zile walivaa skafu za hariri ili shingo zisichubuke kwa kugeukageuka. Cheza jioni moja na utaelewa.

Oswald Boelcke, rubani Mjerumani aliyeandika kanuni za mapigano ya angani mwaka 1916, alisisitiza mambo ambayo hadi leo ukiyapuuza ndani ya gemu unaangushwa: pata kimo kabla ya adui, liweke jua mgongoni mwako, na usifyatue risasi mpaka umemkaribia kabisa. Yeye mwenyewe hakuangushwa na adui. Aligongana angani na mwenzake tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo. Nikiwa katikati ya vurugu ya ndege sita zinazozungukana namkumbuka, kwa kuwa hofu ya kugongana na wa upande wako ndani ya miwani ni ya kweli kabisa. Unamwona anakuja, bawa lake ni kubwa, na mwili unajikunyata wenyewe.

Halafu kuna ndege zenyewe, na kila moja ina tabia. Injini ya Camel ilikuwa ya ajabu: silinda zote zilizunguka pamoja na rafadha, zikaifanya pua ya ndege kuwa kama pia ya watoto inayozunguka. Ukipinda kulia inageuka upesi mno na pua inashuka. Ukipinda kushoto inasitasita na pua inapanda. Wanafunzi wengi wa urubani walikufa nayo. Albatros za Wajerumani nazo zilikuwa na bawa la chini jembamba ambalo lingeweza kuvunjika ndege ikipiga mbizi kwa kasi kupita kiasi. Marubani wa Uingereza hawakupewa parachuti kwenye ndege hizo za kivita, na Wajerumani walianza kuzipata mwaka 1918. Ukiyajua hayo, ule mlio wa mbao zinazolia pembeni yako unausikiliza kwa heshima.

Kuna aliyesema kwenye uzi huu kwamba hizi ni habari za Wazungu na anga la Ufaransa, sisi wa Nairobi zinatuhusu nini. Hapo nampinga. Mwaka 1916 ndege za mabawa pacha za kikosi cha 26, cha Waafrika Kusini, ziliruka kutoka Mbuyuni, upande wa Taita Taveta. Tarehe 11 Julai 1915, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji, ni ndege iliyotoka kisiwa cha Mafia iliyokuwa juu ikielekeza mizinga ya Waingereza. Ilipigwa, injini ikaharibika, na huku inashuka yule msaidizi wa rubani aliendelea kutuma masahihisho kwa redio mpaka wakaangukia mtoni. Wakaokolewa. Natamani sana mtu atengeneze gemu ya Rufiji, yenye mikoko na joto lile, na yenye kuwakumbuka wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi, ambao sanamu ya mmoja wao tunaipita kila siku pale Kenyatta Avenue. Na hata baada ya vita, kampuni ya Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake limebaki kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, ilianza mwaka 1929 na ndege moja aina ya Gipsy Moth, ya mabawa pacha. Mimi naishi South C, ndege ndogo zinapita juu ya paa kutwa. Anga hili limeshazijua ndege hizo.

Sasa matatizo. La kwanza ni kichefuchefu. Macho yanaambia ubongo unapinduka, sikio la ndani linasema umekaa kitini. Ukianza kutoka jasho jembamba, vua miwani papo hapo, usijikaze. Kujikaza kunakuharibia siku nzima. Kwangu feni inayopuliza usoni imesaidia kuliko kitu kingine chochote. La pili, ndege ya mbali ni nukta chache tu kwenye kioo cha miwani, na kuitambua ni ya nani ni kazi ngumu kuliko ingekuwa kwa jicho tupu.

Kuhusu vifaa: ukiwa na Quest, miwani ya kampuni ya Meta, gemu ya Warplanes: WW1 Fighters inachezwa ndani ya miwani yenyewe bila kompyuta. Betri ya Quest 2 inakaa saa mbili hadi tatu, kwa hiyo stima ikipotea unaendelea tu. Flying Circus, ya familia ya gemu za IL-2, ndiyo yenye fizikia ya kina, lakini inadai kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, na hiyo ni pesa. Usinunue mashine kabla hujakaa ndani ya miwani ya rafiki walau mara moja ukajua tumbo lako linasemaje.

Ukiingia Flying Circus, anza na ndege ya Waingereza iitwayo SE5a. Injini yake haizunguki, ndege inakwenda unakoielekeza, na inavumilia mbizi vizuri. Camel isubiri kwanza. Jambo moja la kufanya mapema: zima zile alama zinazoelea juu ya ndege za adui. Ukiziacha utazoea kufuata alama, shingo haitajifunza kitu, na utarudi hapa kuuliza tena watu wanaona nini kwenye gemu hizi.