Wiki ya Namugongo: wageni sita, flashi moja na daftari la jikoni

Usiku wa tarehe 1 Juni, saa tano na kitu, nilikuwa nimekaa jikoni kwangu Kireka. Laptopu iko juu ya kigoda, maharagwe yanatokota kwenye sigiri, simu inalia. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa kundi la mahujaji kutoka Tanzania. Wamefika, wamechoka, na pale getini wameambiwa mahali pao pa kulala panajulikana na "yule mama wa Kiswahili". Yule mama wa Kiswahili ni mimi. Na mahali pao pa kulala palikuwa ndani ya flashi ambayo, dakika kumi tu zilizopita, ilinionyesha kila folda imegeuka kijipicha chenye mshale pembeni.

Wanawake wenzangu wanaotaka kujitolea kwenye hija huniuliza: nyumba unaiachaje? Ule mwaka wa kwanza sikuiacha wala sikuishika. Ninayoyaandika hapa niliyajua baada ya kuaibika.

Kwa asiyepajua, Namugongo ni mwendo mfupi kutoka Kampala, ukipita Kireka na Kyaliwajjala. Ndipo wafia dini wengi walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, enzi za Kabaka Mwanga. Wakatoliki wanawakumbuka 22, Waanglikana 23, na kila upande una mahali pake pa ibada palepale Namugongo, kwa hiyo siku hiyo barabara inabeba watu wa pande zote mbili. Wako wanaokuja kwa mabasi, lakini wanaonivunja moyo kwa huruma ni wa miguu. Kutoka Busia mpakani ni karibu kilomita 200. Mtu anafika na malapa, kisigino kimepasuka, hajui Kiluganda hata neno.

Hapo ndipo Kiswahili changu kinapopata kazi. Nilipokuwa mtoto Jinja, ukisema Kiswahili sokoni watu walikutazama kama umetumwa na askari. Sasa, siku tisa za novena, yaani sala za kabla ya sikukuu, natafutwa kama dawa.

Kazi niliyopewa haikuwa ngumu: kuorodhesha makundi yanayozungumza Kiswahili, jina la kiongozi, namba ya simu, idadi ya watu, wanalala wapi. Mimi nina kaduka ka kuchapa na kutoa fotokopi, kwa hiyo nikajiona mtaalamu. Nikatengeneza jedwali zuri la rangi, nikaliweka kwenye flashi, na flashi nikawa naichomeka kila mahali: dukani, kwenye kompyuta ya ofisi ya kujitolea, kwenye laptopu ya kijana wa matangazo. Nakala nyingine sikuwa nayo. Karatasi sikuchapa, eti nangoja orodha ikamilike.

Sasa nisikilize kuhusu flashi, maana hili litakukuta. Virusi vya aina ile havifuti kitu. Vinachukua folda zako na kuzificha, kisha vinaweka mahali pake vijipicha vyenye jina lilelile na mshale mdogo kwenye kona. Ukibofya ule mshale, unavifungulia mlango viingie kwenye kompyuta yako pia. Mimi nilibofya. Mara tatu, kwa hasira.

Asubuhi nikampelekea fundi mmoja mjini. Akaitazama nusu dakika, akasema dawa ni kuifomati. Nilikuwa nimeshakubali, mkono wake uko kwenye kitufe, ndipo msichana wa chuo aliyekuja kuchapa barua pale akauliza, "Mama, mafaili unayataka au huyataki?" Kama unayataka, usifomati, na usikubali mtu akufomatie. Akakaa yeye. Akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja, attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ile E ikiwa ndiyo herufi ambayo flashi imepewa na kompyuta. Folda zote zikarudi zilivyokuwa. Kisha akafuta vile vijipicha, akanakili mafaili yangu kwenye kompyuta safi, akaichunguza laptopu yangu kwa programu ya kuua virusi, na hapo ndipo flashi ikafomatiwa. Nilitaka kumlipa, akachukua soda tu.

Kwa hiyo leo flashi yangu haiingii kwenye mashine ya mtu. Anayetaka orodha namtumia kwa WhatsApp, au namchapia. Na kila jioni, hata kama kundi ni moja tu limeongezeka, nachapa kurasa, nazipiga picha kwa simu, na karatasi moja inabaki kwenye meza ya mapokezi. Siku yenyewe ya tarehe 3 utaishukuru hiyo karatasi, maana watu wakijaa, mtandao wa simu unaziba. Unapiga, haiendi. Kwa sababu hiyohiyo, kila kundi likubaliane mapema mahali pa kukutana mtu akipotea, na pawe ni kitu kisichosogea. Usiseme "kwa yule anayeuza rozari". Anayeuza rozari wako mia.

Laptopu nayo ilikuwa na lake. Nilikuwa naiunganisha na intaneti ya simu, na Windows ikaona ndiyo nafasi ya kujisasisha. Bando la wiki likaisha kwa usiku mmoja, na asubuhi mashine inazunguka tu, inaniambia nisizime. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna mahali pa kuiarifu kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo (metered connection). Iwashe kabla ya wiki ya kazi. Kuhusu umeme, nunua mapema yuniti za Yaka, ile mita ya kulipia kabla. Na ukikatika, chomoa chaja ukutani, usingoje urudi, kwa sababu unaporudi haurudi taratibu.

Tugeukie nyumbani, ambako hapakuwa na virusi ila mimi.

Shangazi yangu alifika kwa miguu kutoka Busia na wenzake watano wa kwaya. Sisi ni watano, jumla watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili na sebule. Maji ya bomba yakakatika siku ya pili. Wiki hiyohiyo muhula wa pili unafunguliwa, na shule inadai ile orodha yake: rimu ya karatasi, karatasi za chooni, fagio. Mvua nayo haijaondoka vizuri, nguo hazikauki. Na kila kitu hiki, jerikeni ngapi zimebaki, nani kafuliwa soksi, fagio limenunuliwa au bado, kilikuwa kichwani mwangu peke yangu. Mume wangu si mvivu, lakini kila alichotaka kufanya ilibidi anipigie simu kuniuliza, na mimi niko Namugongo natafuta mtoto aliyepotea.

Niliporudi usiku ule wa maharagwe nikamkuta shangazi amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, ananitazama navyokimbia kati ya sigiri na laptopu.

"We mtoto," akasema, "sisi tumetembea siku nyingi, hatuwezi kuosha masufuria?"

"Wewe ni mgeni, shangazi."

"Mgeni siku ya kwanza. Leo ni ya tatu. Nipe jembe."

Sina jembe. Nilimpa daftari la watoto lililobaki nusu, nikalitoboa, nikalifunga kamba kwenye mlango wa jikoni pamoja na kalamu. Anayemaliza kitu anaandika kimekwisha. Anayechota maji anaandika jerikeni ngapi. Anayetoka na pesa ya sokoni anaandika shilingi ngapi. Kufikia kesho yake jioni simu zangu zilipungua, na maharagwe yalipikwa na watu wa Busia, yana nazi, watoto wakaomba tena.

Mwaka uliofuata nilianza mapema. Kufikia tarehe 25 Mei, novena ikianza, mahitaji ya shule yalikuwa kwenye mfuko nyuma ya mlango. Jerikeni kumi za lita 20 zilijaa na kufunikwa. Maharagwe nachemsha sufuria kubwa bila kitunguu wala nyanya, hayachachi haraka, kila jioni natia kiungo kwa kiasi cha kuliwa. Pasi niliifungia kabatini wiki nzima na hakuna aliyekufa. Na ofisi ya kujitolea niliiambia wazi: zamu yangu inaisha saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo orodha iko mezani, mwenye macho asome. Kuna waliokunja uso. Wakasoma.

Tarehe 4 shangazi aliondoka kwa basi safari hii, na kijerikeni cha maji ya Namugongo mapajani. Nililala hadi saa nne. Nilipoamka kutafuta cha kufulia mashuka, nikaliendea daftari mlangoni. Ukurasa wa mwisho, mwandiko wake ule wa herufi kubwa: SABUNI IMEKWISHA. UNADAIWA DUKANI 4,000.