Ukiita marafiki kumwaga sakafu, kazi ianze Ijumaa

Kama wengi tunaojenga kidogo kidogo, tulihamia Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nyumba ikiwa haijaisha. Bati lipo, milango miwili ipo, chini kifusi. Unafagia asubuhi, mchana vumbi limesharudi kwenye vyombo. Mwanangu wa mwisho alikuwa anakohoa kila usiku, na hicho kikohozi ndicho kilichonifanya niache kusubiri fedha ya vibarua. Tukaamua na mume wangu tuite marafiki, tumwage sakafu wenyewe chini ya fundi mmoja.

Mimi ni mtu wa Same. Kwetu kazi ya namna hii ni msaragambo: watu wanatoka na majembe kusafisha ndiva, yaani mabwawa ya kienyeji ya kumwagilia, na mifereji, hakuna anayelipwa. Kwa hiyo kuomba msaada hakukunipa shida. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba msaragambo unakwenda vizuri kwa sababu kuna mtu ameshapita eneo lote siku moja kabla, anajua nani atachimba wapi.

Jumamosi ya kwanza tulipanga sebule. Watu kumi na mmoja walifika saa moja asubuhi. Mchanga niliokuwa nimelipia tangu Alhamisi haukuwepo. Nikipiga simu naambiwa, "Uko njiani, dada." Walikaa chini ya mwembe mpaka saa saba mchana. Watatu wakaaga, mmoja wao alikuwa na zamu ya usiku, na sikuwa na neno la kuwazuia. Mchanga uliposhushwa tukaanza kwa pupa, giza likatukuta tumefika nusu ya chumba. Tulipomalizia kesho yake, zege jipya halikushikana vizuri na lile lililokwisha kukauka. Leo ukiinua zulia utauona ufa, umenyooka kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni.

Kilichoniuma zaidi ya ufa ni siku za wale watu. Rafiki anayekuja kukusaidia Jumamosi ameacha nguo zake hazijafuliwa na watoto wake nyumbani. Ukimkalisha saa sita bila kazi, umeichukua siku yake bure.

Kwa vyumba viwili vya kulala tulibadilika. Fundi alipima kila chumba mita 3 kwa 3.5, unene sentimita 10, akasema mifuko 14 ya saruji. Uwiano ni moja kwa mbili kwa nne: mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba. Piga hesabu uone: kokoto peke yake ni ndoo 98, na ndoo ya kokoto iliyojaa ina kama kilo 30. Ukijumlisha vyote, vyumba viwili vidogo vinabeba zege la tani tano hivi. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kualika watu, ndiyo itakuambia unahitaji wangapi. Na ndoo zijazwe nusu. Safari zitaongezeka, lakini migongo ya watu itapona.

Ijumaa jioni kila kitu kilikuwa uani, nimekiona kwa macho yangu: mchanga, kokoto, saruji juu ya mbao isipate unyevu, tangi la lita 1,000 limejaa maji ya boza, makoleo matano, matoroli mawili ya kuazima. Kifusi kilikuwa kimeshindiliwa na nailoni nzito imetandikwa juu yake. Fundi naye alikuwa ameshapima usawa kwa mpira mwembamba wenye maji na kuchora mstari kuzunguka kuta zote. Alfajiri nilichobakiza ni kubandika chai na kukanda chapati.

Mpe fundi mamlaka, hata kama marafiki zako wamesoma kuliko yeye. Shemeji mmoja aliona zege zito, akataka kuongeza maji ili koleo lipite kirahisi. Fundi akamshika mkono: "Shemeji, yatosha. Zege si uji." Maji yakizidi, zege hupoteza nguvu, na sakafu yake huanza kuchubuka na kutoa vumbi. Mimi nilisimama upande wa fundi pale pale, mbele ya watu. Wawili wakitoa amri, kazi inaharibika.

Tulikuwa na dada mmoja wa kikoba chetu asiyeweza kubeba kitu kwa ajili ya mgongo. Alitaka kubaki nyumbani, nikamwambia aje. Alikaa mlangoni na kokoto kumi na nne kwenye paja; kila nusu ndoo ya kokoto ikimwagwa anahamisha moja kutoka kulia kwenda kushoto. Asubuhi nzima hakuna mchanganyo uliokosewa. Kazi ya kuhesabu inahitaji mtu asiyehangaika na mzigo, na hiyo ndiyo iliyofanya sakafu ya vyumba iwe nzuri kuliko ya sebule.

Kuna jambo nililosahau, na naomba wewe usilisahau. Kijana mmoja alikuja na ndala. Saruji mbichi huunguza ngozi, tena taratibu, mtu hahisi maumivu mwanzoni. Jioni ngozi kati ya vidole vyake ilikuwa nyekundu na imeanza kutoka. Tulimwosha kwa maji mengi safi, kisha nikampeleka zahanati. Nunua au azima gambuti na glavu kabla ya kununua nyama ya kuwapikia.

Tulimaliza saa nane mchana, tukala wali na maharage, kila mtu akarudi kwake jua likiwa bado juu. Kesho yake nikaanza kumwagilia, asubuhi na jioni kwa siku saba, magunia yaliyolowa yakiwa juu ya sakafu ili isikauke haraka ikapasuka. Hiyo ni kazi yako mwenyewe, usiwaitie watu. Umeme nao usiwaachie marafiki. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Walionisaidia nimewaandika majina kwenye daftari, kila mmoja na alichofanya. Jumamosi hii yule dada wa mgongo anamwaga baraza lake. Nimemwomba anionyeshe mchanga leo, Ijumaa, kabla jua halijazama.